Uzinduzi wa Seva ya Stoo ya Nyuma

Ndugu wanakaya na wageni waalikwa, kwa mamlaka niliyonayo kama mkuu wa nyumba hii, natangaza rasmi kwamba mlango wa stoo ya nyuma, ambao tangu asubuhi ulikuwa umefungwa, sasa umefunguliwa. (Makofi.) Utaendelea kuwa wazi hadi utakapofungwa.

Mheshimiwa Mama Mkwe, mlezi wa hafla hii na mmiliki halali wa feni inayopoza mitambo. Mheshimiwa mke wangu, Waziri wa Mambo Yote ya Ndani. Dada yangu mkubwa, mpiga chapa mstaafu na Mtunza Bakapu wa mradi. Shemeji yangu, fundi televisheni, Mshauri Mwelekezi wa Vifaa. Mwakilishi wa wapangaji, fundi viatu wa chumba cha uani. Majirani wa kulia. Majirani wa kushoto, ambao hamkualikwa lakini mmewahi viti vya mbele. Na wewe binti yetu, mtengeneza tovuti na mnufaika mkuu, ambaye nakuomba uache kuangalia saa: itifaki imezingatiwa. (Kicheko. Binti anaangalia saa.)

Ndugu zangu, miezi mitatu iliyopita binti huyu alinifuata sebuleni, nikiwa nimevua viatu, akaniambia, nanukuu, "Baba, naomba ile kompyuta ya zamani niiwekee mfumo wa Linux, iwe seva yangu ya kujaribia tovuti kabla sijawapa wateja." Mwisho wa kunukuu. Mzazi wa kawaida angesema "chukua", na mambo yangeishia hapo, kienyeji kabisa. Lakini mimi nimekaa masjala miaka thelathini na mmoja, na sijawahi kumpa mtu kitu ambacho hakijafunguliwa faili. Siku hiyo hiyo niliiondoa kompyuta ile mikononi mwa watumiaji holela, nikamkabidhi Mshauri Mwelekezi kwa ukaguzi wa kitaalamu, nikaunda Kamati ya Uendeshaji, Kamati ya Kuisimamia Kamati ya Uendeshaji, na kikosi kazi cha kitambaa cha kufunikia. (Makofi kutoka kwa shemeji.)

Niliposikia kwamba hiyo Linux hutolewa bure, nilishtuka, maana katika utumishi wangu wote sikuwahi kukutana na kitu cha bure kisichokuwa na fomu. Nikamwandikia Mkurugenzi wa Linux, popote alipo, barua ya kuomba ridhaa, nakala tatu. Siku tisini zimepita hajajibu. Kwa mujibu wa taratibu, ukimya huo tumeupokea kama apuruvali. (Makofi. Binti: "Baba, hakuna mkurugenzi. Unaipakua tu.") Umeona? Hata uongozi hawana, ndiyo maana hawajibu barua.

(Binti anasimama: "Baba, leo Jumamosi. Jumatatu saa tatu asubuhi naonyesha tovuti ya zahanati, ya wagonjwa kuweka miadi kwa simu. Muuguzi mkuu amesema ikikwama mbele yake, kazi anampa mtu mwingine. Sijaijaribu na watu wengi hata mara moja. Naomba tu niiwashe hiyo mashine.")

Mwanangu, keti. Katika nyumba hii hakuna kitu kinachowashwa kabla hakijazinduliwa.

("Basi si uizindue, Baba!" Kicheko kirefu. Jirani wa kushoto: "Mtoto kasema!")

Nakuja huko. Nakuja huko kupitia takwimu. Ndugu zangu, utekelezaji umefikia asilimia mia moja na nne, kwa sababu utepe tulionunua ulikuwa mrefu kuliko bajeti. Usalama umeimarishwa: ufunguo wa stoo unakaa kwa mke wangu, taarifa za ufunguo zinakaa kwangu, na atakayetaka kuingia atatukuta sote wawili hatupo. Upozaji unafanyika saa ishirini na nne kwa feni ya Mama. (Mama Mkwe: "Na hiyo feni inarudi lini?") Mama, feni ipo kwenye majukumu. (Mama Mkwe: "Majukumu gani, baba, na mimi nalala nimelowa jasho?") Suala hilo tumelipokea, tutalifanyia upembuzi.

Kuhusu bakapu, dada yangu amenakili kwa mkono wake programu yote ya binti katika kaunta buku mbili, kurasa mia mbili na kumi na mbili, kwa wino wa bluu. (Dada: "Tena nimemsahihishia! Alikuwa anamwaga mabano kila mahali, sentensi haina hata nukta.") Nguvukazi ya namna hiyo hamtaikuta kwenye nchi zilizoendelea. (Binti anashika kichwa.)

Na sasa majaribio, maana wapo wanaobeza. Tangu seva hii iwekwe mezani imejaribiwa mara kumi na saba: kwa kufutwa vumbi, kwa kusogezwa, na kwa kuangaliwa na stekiholda, yaani wadau, wote kwa zamu. Haijawahi kukwama. Haijawahi kuzimika ghafla. Haijawahi kupata joto. Nionyesheni seva nyingine yenye rekodi hiyo! (Makofi ya heshima. Fundi viatu anamwinamia binti: "Dada, mimi ninayo laptop kuukuu. Kioo kimepasuka, inaonyesha nusu." Binti: "Kioo sikihitaji, kaka. Inawaka?" "Kuwaka inawaka, ila inapiga kelele kama pikipiki." Wanatoka wote wawili, binti mbele, flashi yenye programu yake mkononi.)

Naona mnufaika mkuu ametoka nje. Furaha ina namna nyingi. Tumwache.

Nirudi kwenye dira. Katika kipindi cha miaka kumi ijayo stoo hii itakuwa kitovu cha teknolojia, pakiondolewa ndoo, godoro la wageni na ile baiskeli isiyo na mnyororo. Tutaandaa wokishopu. Tutapokea ujumbe kutoka mitaa jirani, watakaotaka kujifunza jinsi tulivyoweza, na tutawaambia hatua kwa hatua, kuanzia pale nilipovua viatu sebuleni, kwamba siri ya maendeleo ni kufuata mtiririko, na mtiririko wenyewe, ndugu zangu, unaanzia kwenye faili, unapanda kwenye kamati, unashuka kwenye kamati nyingine, unapumzika, na baada ya mapumziko hayo unakuwa tayari kupanda tena. (Miayo. Mama Mkwe anajipepea kwa ratiba ya hafla.) Nina kurasa chache tu. Kumi na nne.

(Simu za waliohudhuria zinalia kwa pamoja. Dada anasoma kwa sauti: "Binti ametuma kwenye kundi la familia na majirani. Anasema wote wenye waifai ya hapa tufungue hii anwani, kisha tubonyeze Weka Miadi kwa pamoja, sasa hivi.")

Bonyezeni, bonyezeni! Ndiyo ushirikishwaji huo!

(Jirani wa kulia: "Imefunguka! Nimepewa saa nne." Dada: "Na mimi saa nne." Mke: "Na mimi hiyo hiyo saa nne! Sasa huyo daktari atatutibu watatu kwa mpigo?" Binti, kwa sauti kutoka uani: "Hapo hapo! Ndilo kosa nililokuwa nalitafuta! Msiguse kitu, ngojeni!" Dakika kadhaa zinapita nikiendelea kusoma ukurasa wa tano. Kisha: "Haya, rudieni!" Mke: "Mimi nne." Dada: "Mimi naambiwa saa hiyo imeshachukuliwa, nichague nyingine." Vigelegele. Jirani wa kushoto: "Hata yangu, na sikualikwa!" Kutoka uani kinasikika kicheko cha binti na mlio kama wa pikipiki.)

Mmeona wenyewe! Mmeona kwa macho yenu na simu zenu! Kabla sijakata utepe seva imekwisha kufanya kazi, imegundua kosa, imelirekebisha, na Jumatatu muuguzi mkuu atakuta tovuti imenyooka. Nani alisema nachelewesha? Nani alinicheka nilipoutangaza mradi huu kwenye harusi ya shemeji? Huu ndio uongozi! (Makofi. Mke, polepole: "Baba watoto, hiyo ya stoo mbona hata waya haina?") Isiyotumia waya ndiyo ya kisasa, mama.

Seva oyee! (Oyee!) Kamati oyee! (Oyee moja, ya shemeji.) Feni oyee! (Mama Mkwe: "Irudi!")

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru nyote kwa uvumilivu, na mpangaji wetu kwa kelele za uani zilizochangamsha hafla. Kwa namna ya pekee namshukuru Mshauri Mwelekezi, shemeji yangu, ambaye katika ukaguzi wake wa kitaalamu, wiki ile ile ya kwanza na kwa idhini yangu ya maandishi, alitoa diski, memori, ubao mama na pawa sapulai, akavifunga kwenye kompyuta za wateja wake, akaturudishia kasha likiwa jepesi, rahisi kubebwa na safi kwa picha. Vya ndani vitajadiliwa awamu ya pili. Kilichopo chini ya kitambaa ni kasha tupu.