Kidude cha Kulilia Mvua

Hivi wewe umewahi kumwona mtu mzima anaikimbia mvua na jua liko utosini? Basi kaa vizuri nikusimulie ya Humoud, fundi simu wa Wete, aliyekimbia hivyo kijiji kizima cha Makangale, kule Pemba, kikimtazama.

Humoud hakuwa na duka. Alikuwa na meza chini ya mwavuli uliotoboka, na upepo wa mvua ukivuma alilowa yeye kabla ya simu za watu. Alichokitamani duniani ni duka lenye mlango na kufuli. Mwaka ule wa kampeni mikarafuu ilizaa mpaka matawi yakaomba radhi, naye akanunua kwa bei ya kutupa kifurushi kilichokosa mwenyewe bandarini. Ndani mlikuwa na vibao kumi na viwili vya kijani, kila kimoja sawa na kiberiti, vile ambavyo watu huviandikia amri kwa kompyuta, navyo vikawasha taa, vikapima joto, vikafungua maji bustanini. Humoud hakujua kuandika amri hata moja. Lakini alipokichomeka kimoja kwenye chaja, kitaa chekundu kikaanza kukonyeza. Ndivyo vinavyotoka kiwandani, vinakonyeza tu, kama mtoto anavyozaliwa na kulia. Humoud akakitazama kitaa, akalitazama wingu lililokuwa likipita, akatabasamu.

"Yakhe," akajiambia, "hii si taa. Hii ni karafuu."

Maana karafuu ikinyeshewa jamvini huvimba, hupauka, na mnunuzi huitupia jicho moja tu akaendelea na safari yake.

Akatokea Makangale na kizibao cha rangi ya machungwa, kalamu sikioni.

"Mie natoka kwenye mradi."

"Mradi wa wapi?" aliuliza Mzee Abrahman, mwenye mikarafuu mingi kuliko wajukuu, na wajukuu wenyewe hawahesabiki.

"Wa nje."

Jawabu hilo halijawahi kuulizwa swali la pili.

"Kidude hiki kinanusa mvua," Humoud akaendelea. "Ikibaki robo saa, kinalia. Hakiuzwi! Mradi unataka amana tu, pishi kumi za karafuu kwa kila kimoja. Zinabaki zenu, mie mlinzi wake. Msimu ukisha, mnarudisha kidude, mnachukua amana yenu."

"Mbona hakilii?" aliuliza Bi Mwanawema, mkewe Mzee.

"Kwani kuna mvua, bibi?"

"Hakuna."

"Umeona sasa!"

Mzee Abrahman akamvuta pembeni. "Nipe viwili. Na yule Ahmada wa ng'ambo ya njia usimpe. Chama chake si cha kupewa kitu."

Humoud akaapa, akavuka njia, na Ahmada akamwambia maneno yaleyale. Ilipofika jioni kilibaki kwake kimoja tu.

Sasa amana ile ilikuwa mbichi, na karafuu mbichi ukiifungia guniani imeoza. Akatandika majamvi kando ya uwanja wa skuli, akaanika, na kile kidude cha mwisho akakifunga kwenye kijiti katikati, na betri yake, watu wakione. Siku ya nne alasiri pikapu ingekuja kutoka Wete, na mradi ungefika mwisho.

Hajamaliza kutandaza, akaja Mwalimu Fausta, mama wa Bara anayefundisha fizikia pale pale skuli.

"Samahani kaka, mimi nilikuwa nataka..."

"Usione haya, mwalimu! Hata mwenye mkarafuu mmoja mradi unamjua."

"Sina mkarafuu. Nilikuwa nataka..."

"Kuhakikisha! Chukua, kalale nacho, kesho unirudishie. Kitakuzoea."

Mwalimu akakifungua kijitini, akakichukua.

Asubuhi akakirudisha kikiwa na kitu cheusi cha duara, kama kifungo cha koti. "Nimekitia kengele," alisema. "Umesema kinalia, na hakikuwa na mdomo."

Humoud hakupepesa, akakifunga tena kijitini. "Midomo inaletwa mwezi ujao. Mradi unakushukuru."

Siku ya nne, saa saba mchana, mbingu nyeupe kama sahani, karafuu zimekauka zikivunjwa zinalia *tik*. Humoud anatikisa gunia la kwanza apate kujaza. Kidude kikalia: *piiiiii!*

Na Pemba mvua ikija, karafuu haina mwenyewe. Unaanua iliyo karibu, unakimbiza ndani, mwenyewe atakuja kuiulizia. Hata walionuniana kwa ajili ya vyama huanuliana kwanza, kisha wakarudi kununiana. Basi wanakijiji wakamiminika na makapu, na nguo zao zimefungwa viunoni.

Humoud akainua mikono aseme hakuna mvua. Akaishusha. Akisema hakuna, kidude ni nini?

"Weye mtu wa mradi!" akapaza sauti Bi Mwanawema. "Yaja, haiji?"

"Yaja," akasema Humoud, kwa sauti ya anayetangaza msiba wake mwenyewe.

"Kimbia basi!"

Akakimbia. Kapu la kwanza kuingia kwa Mzee Abrahman lilikuwa kichwani mwa Humoud.

Alasiri halijaanguka hata tone. Humoud akabisha hodi kwa Mzee Abrahman.

"Mzee, zile karafuu zangu..."

"Zako? Si umesema zetu, weye mlinzi? Tumeshapimiana, kila mtu kapata pishi zake. Hata Ahmada nimempimia mie. Amana imefika, Mungu akulipe. Na vidude vyote, hata kile cha kijitini, tumempelekea mwalimu, maana mambo ya mradi ni ya watu wa kalamu. Tumetimiza?"

"Mmetimiza, Mzee."

Mwalimu Fausta alikuwa barazani kwake, vidude vyote kumi na viwili vimepangwa ndani ya bati la biskuti.

"Ulikiamuru nini?" Humoud aliuliza.

"Kihesabu mpaka leo saa saba, karafuu zikishakauka, kisha kipige kelele. Kuhesabu kinaweza. Mvua hakiijui."

"Karafuu zangu zote, mwalimu!"

"Zako?"

Humoud akakaa kwenye kizingiti. Barabarani pikapu ya Wete ilikuwa inapiga honi, inataka mzigo.

"Haya, n'ambie," akasema kwa unyonge. "Siku ile ulikuwa unataka nini?"

Mwalimu akangoja kidogo, aone kama atakatizwa tena. Hakukatizwa.

"Nilikuwa nataka uniazime kimoja," alisema, "nikawaonyeshe wanafunzi."