Sauti ya Pili

Mheshimiwa, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya tai yake na si kwa kingine chochote, alikuwa ameingia duka la ala za muziki kukimbia jua pale alipomwona mteja wa ndoto zake. Alikuwa mpiga gita la solo wa bendi ya harusi, watu humwita Vidole, kapiga magoti mbele ya pedali tatu, vile visanduku vya kukanyaga vya kubadili sauti ya gita, anakuna kichwa.

"Nikipiga solo nataka watu wasikie magita mawili," Vidole alimlalamikia muuzaji. "Lakini hii inachelewa, hii inalia kama mbu, na hii kila wimbo niinamie kuibadilishia ufunguo. Jukwaani nimeangusha sindano?"

Mheshimiwa akamvuta kando. "Kaka, achana na makopo hayo. Mimi ninayo inayosikiliza yenyewe na kuitikia."

"Niisikie kesho mchana harusini. Ikiitikia, naichukua."

Mheshimiwa alirudi nyumbani mbio. Huko alikuwa na kisanduku cha bati, rangi nyekundu kidogo, na shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye kutwa alikuwa anapiga gita na kumaliza sukari.

Kesho yake shemeji akajikunyata nyuma ya spika, kafunikwa turubai, gita lake limeunganishwa kisirisiri. Vidole akakanyaga kisanduku chekundu, akaanza solo. Lo! Sauti ya pili ikamfuata unyounyo. Akipanda inapanda, akikata kona wanaikata pamoja. Bibi arusi akasahau kulia. Pale pembeni, Mheshimiwa alikuwa keshajishonea kichwani suti mbili.

Ndipo pedali ikapiga chafya.

Vidole alichomoa waya wa kisanduku, akaacha kupiga, akakunja mikono. Sauti ya pili, iliyokwisha kunogewa, ikaendelea peke yake, tena tamu zaidi. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Vidole akafunua turubai.

"Kumbe pedali ina masharubu! Ufunguo unaujuaje?"

"Nasikia tu, kaka," alisema shemeji, jasho likimtiririka.

"Bendi yetu inahitaji gita la pili. Utakuja?"

"Kwani nimeondoka?"

Mheshimiwa akaparamia jukwaa. "Hebu ngoja! Huyo nimemlisha mimi!"

"Bwana, wewe ulileta kisanduku," Vidole alimjibu, akimrudishia. "Sijakipenda."

"Shemeji," kijana alisema kwa upole huku akikaza nyuzi, "mwambie dada asiniwekee chakula."

Mheshimiwa akashuka na bati lake. Mpishi wa keki akamshika mkono. "Samahani, hicho una kazi nacho? Meza yangu inayumba."

Alifungua mdomo aeleze maajabu ya chombo kile. Akaufunga. Akainama, akakichomeka chini ya mguu wa meza, na meza ikatulia tuli. Mpishi alimshukuru kwa moyo wote. Mheshimiwa hakujua aangalie wapi. Hakuzoea kushukuriwa na mtu ambaye pesa zake bado ziko mfukoni mwake mwenyewe.