Kufuli la Sanduku la Betri

Jumatatu, 7 Machi 1983

Ushindi! Mzee Kahin amenichagua mimi, Warsame, kutangaza harusi ya binti yake Habsa. Ijumaa baada ya swala, mji wote uje kula. Hakumchagua Kanchoro! Kanchoro hutangaza kwa mdomo tu, viganja mashavuni. Mimi nina baiskeli yenye kipaza sauti, na nyuma betri ya lori ndani ya sanduku la chuma. Nimelitia kufuli kubwa, maana Kanchoro ana macho.

Shida ndogo. Betri imeisha, lazima itoke ikachajiwe. Kufuli limejaa vumbi. Nikauzungusha ufunguo kwa koleo. Ukakatikia ndani.

Jumanne, 8 Machi

Nimelimwagia kufuli mafuta ya taa. Halafu samli. Mke wangu Asho akauliza samli yake iko wapi. Nikamwambia iko kazini. Hakucheka. Kufuli linanukia vizuri na bado limekwama.

Mbaabu, fundi wa kuchomelea vyuma, akasema atalikata kwa msumeno mara moja. Nimekataa. Kufuli zuri namna hiyo!

Kanchoro naye akapita, akatoa salaam, akauliza kama baiskeli imeshikwa na mafua. Mshenzi.

Jumatano, 9 Machi

Mzee Kahin amekuja amekunja uso. Ngamia yuko tayari kuchinjwa na hakuna aliyesikia habari. Mji usiposikia kesho, atamwita Kanchoro. Habsa alibaki nyuma kidogo.

"Adeer Warsame," akaniambia, maana huniita ami kwa Kisomali, "usiniaibishe. Watu wasipokuja, wakwe watasema sina watu."

Maneno hayo yamenichoma. Nitatumia nguvu. Nitatumia punda!

Alhamisi, 10 Machi

Nimeazima punda wa Abiba, muuza maji. Baiskeli nikaifunga kwenye nguzo karibu na soko. Kamba nyingine, kutoka kwenye kufuli hadi kwa punda. Nikampiga punda kofi la matako.

Fundo langu la nguzoni likafunguka. Punda akatoka mbio na baiskeli! Akapita kwenye soko la mbuzi, akapita kwa wauza miraa, akapita mbele ya msikiti. Mimi nyuma, Abiba nyuma yangu akinitukana Kiborana, mji mzima ukitoka milangoni kuuliza kuna nini. Nikaona bahati yangu. Nikapaza sauti, "Harusi ya Habsa binti Kahin! Kesho baada ya swala! Njooni nyote!"

Penye daraja sanduku likapasuka. Bawaba zimeng'oka zote. Betri imetoka, tena nzima! Na kufuli? Halikufunguka hata kidogo. Nimejivuna sana.

Ijumaa, 11 Machi

Watu walikuja mpaka wa kijiji cha mbali cha Leparua. Wakwe walikosa mahali pa kukaa. Habsa alicheka mpaka akatokwa na machozi. Mzee Kahin akanishika mkono mbele ya watu wote, akasema hajaona tangazo kama lile. Kanchoro alikula sahani tatu za harusi niliyoitangaza mimi. Utamu ulioje!

Jumamosi, 12 Machi

Nimefikiri sana. Kosa lilikuwa bawaba, na tundu la ufunguo. Nimempelekea Mbaabu sanduku jipya, betri ikiwa ndani, alichomelee pande zote. Bila mlango, bila kufuli, nani ataiba? Mbaabu akauliza betri ikiisha nitaitoa vipi. Maskini, ni fundi mzuri lakini haoni mbali. Nimemwambia achomelee mara mbili.