Natafuta Mtu wa Kunikataza

Jumatatu, 5 Agosti

Nimekubaliwa! Kitivo cha udaktari, Uturuki. Mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki, kisha miaka sita ya maiti na vitabu. Habari iliingia kwenye simu nikiwa natwanga sombe, majani ya muhogo. Nilipiga kelele, jirani akaja mbio na fimbo akidhani ni nyoka.

Wanataka jibu kabla ya tarehe 18 kwisha. Ndiyo au hapana. Hakuna mahali pa kuandika "sijui".

Sasa ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Nataka kwenda. Lakini Papa, baba yangu, ana ugonjwa wa sukari, na tangu mama afariki ni mimi ninayemchoma sindano yake ya insulini asubuhi na jioni. Ni mimi ninayempikia uji wake. Nikienda akafa, nitaitwa Ornella aliyemwacha baba. Nikibaki, nitakuwa Ornella aliyeacha udaktari, na huyo nitaishi naye mwenyewe mpaka uzee.

Kwa hiyo nimeamua: sitaamua. Atanikataza Papa. Nitalia kidogo, nitatii, na avenue nzima, mtaa wetu wote, itasema huyu mtoto ana heshima. Mpango safi!

Jumanne, 6 Agosti

Nilimweleza wakati wa uji. Nilianza na theluji. Nikaja kwenye matetemeko ya ardhi. Nikamalizia na foufou, ugali wetu, kwamba huko hakuna kabisa. Papa Isidore alifundisha hesabu tangu ujana wake, na husikiliza mtu mpaka mwisho kama anasahihisha zoezi. Nilipomaliza akasema kutetemeka si kitu, "hata hapa inatetemekaka." Halafu akasema: "Enda, mutoto wangu." Akaomba chumvi.

Basi! Hivyo tu! Na kibaya zaidi alitabasamu. Meno yale sijayaona tangu mazishi ya mama. Utamlazimishaje mtu akukataze akiwa na furaha namna hiyo?

Alhamisi, 8 Agosti

Mpango wa pili: kaka yangu Élie. Élie ni fundi wa simu, mtu mzima mwenye ndevu, na Noeli iliyopita alizimia mbuzi alipochinjwa. Nitamkabidhi sindano mbele ya Papa. Atazimia. Papa ataona mwenyewe kwamba bila mimi hana mtu.

Jioni. Élie alinawa mikono mpaka kwenye viwiko. Akavuta dawa, akagonga sindano kwa ukucha ili hewa itoke, akafinya ngozi ya tumbo, akachoma. Papa hata hakukunja uso. Akasema kwa upole kwamba sindano zangu humuuma kidogo, hakutaka kunivunja moyo. "Ya Élie haiume."

Niliingia jikoni nikakata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji. Nilijisikia mtu aliyefukuzwa kazi.

Jumapili, 11 Agosti

Ijumaa shirika lilisali kwetu, wale majirani wa parokia tunaokutana kila juma. Nilimwomba Maman Madeleine, kiongozi wetu, waniombee ili Mungu anioneshe njia. Niliinamisha macho. Nikaongeza, kwa sauti ya kilio, kwamba Papa ni mjane. Nilikuwa na hakika nao! Mwaka jana walimgombeza msichana mmoja aliyemwacha babake akaenda kufanya kazi Sange tu, hapo bondeni. Maman Madeleine alinibana mkono, akasema nimwachie yeye.

Leo, mwisho wa misa, matangazo. Ndoa mbili, kazi ya kufagia kanisa, kisha: shirika letu linamshukuru Mungu kwa ajili ya dada yetu Ornella, anayekwenda Uturuki kusomea udaktari. Makofi! Vigelegele! Kwaya ikaanza wimbo bila kuombwa. Papa alisimama ili watu waone baba ni nani.

Nilimkimbilia Maman Madeleine nje, nikamwambia kwa kunong'ona kwamba bado sijaamua. Alinitazama kwa huruma nyingi. "Mungu alishaamua, maman. Weye unachelewa nini?"

Jumanne, 13 Agosti

Docta. Sina tena jina lingine. Muuza nyanya alinionesha sikio la mtoto wake. Papa Cirhuza wa duka la nyama alipandisha suruali katikati ya barabara nimwone goti. Nilimwambia alipumzishe. Akaondoka akichechemea, ameridhika, na mimi, Mungu nisamehe, nilijisikia vizuri mpaka nyumbani.

Maman Madeleine ameleta mfuko wa sambaza kavu, dagaa wa ziwa letu, nimpelekee mpwa wake Ulrich, aliyeko Poland. Nikamweleza kwamba Poland si Uturuki. Akasema "bote beko kwa bazungu", nikifika niulize. Sasa chumba changu chote kinanuka ziwa.

Halafu Gisèle. Gisèle ni binti wa shangazi yangu, anasomea udaktari hapahapa Bukavu, mwaka wa pili, na huvaa koti jeupe hata akienda kununua mkate. Alisema mbele ya watu kwamba wanaosomea nje wanarudi hawajui hata malaria. Watu walicheka. Dakika ile niliamua kwenda, kwa moyo wangu wote! Nilipofika kwenye kona nikaona dirisha la Papa, na nikawa sijaamua tena.

Alhamisi, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria. Baada ya misa Gisèle alikuja kwetu na ndizi, akasema nisiwe na wasiwasi, atapita kila jioni kumpima Papa sukari, nyumba zetu ziko karibu. Papa alimshukuru. Alimwita "binti yangu".

BINTI YANGU! Ananiibia baba mchana kweupe, tena kwa wema, ili nisipate hata pa kulalamika!

Mpango wa dharura. Jumamosi nitakwenda soko la Nyawera mapema na nitachelewa makusudi. Nimemwambia Élie asichome sindano mpaka nirudi. Uji hautakuwapo. Papa atakaa kwenye kiti akitazama mlango, ataona nyumba isiyo na Ornella inafananaje. Nitaingia mimi kama mwokozi. Atasema: baki.

Jumamosi, 17 Agosti

Naandika usiku.

Nilizunguka sokoni nikibishana bei ya vitu nisivyovitaka. Nilirudi na kapu kichwani na furaha mbaya moyoni. Élie alikuwa mlangoni akiita jina langu. Papa yuko kwenye kiti, shati limelowa jasho, mikono inacheza, macho yananitazama bila kunijua. Akaniita Bintu. Bintu ni mama.

Élie alikuwa amechoma sindano saa ileile ya kila siku. Alisema hakuweza kumwacha Papa hivihivi kwa sababu ya maneno yangu, alisikia woga. Alimpa mkate. Papa akaukataa. Alisema anamngoja Ornella wale pamoja, kwa kuwa Jumamosi zao zimebaki chache.

Insulini bila chakula, sukari inashuka mno. Hilo nalijua kuliko Baba Yetu. Na ni mimi niliyeondoa uji mezani.

Sukari ndani ya maji, kijiko kwa kijiko. Nusu niliimwaga kifuani pake. Gisèle alifika mbio na kipimo chake, kandambili miguuni, bila koti. Alisoma namba, akakoroga kikombe cha pili. Alinishika bega wakati namnywesha. Nilimchukia kwa wema ule na nilimpenda pia, vyote kwa pamoja.

Papa alirudi polepole. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa kuuliza mbona nimenunua kabichi nyingi hivyo. Nililia kwa sauti mpaka jirani akaja tena na fimbo yake.

Tulimpeleka kituo cha afya. Muuguzi alimlisha, akampima mara kwa mara mpaka alasiri, akaturuhusu. Njiani nilimwambia Papa kila kitu. Theluji, Élie, shirika, soko. Alitembea amenishika mkono, tukipumzika kila mlima. Kisha akasema yeye pia anaogopa niende. Anaogopa kila siku, na lile tabasamu la uji lilimtoka kwa shida. "Lakini ukibakia juu ya ugonjwa yangu, kila sindano itaniuma, hata ile ya Élie. Sitakukataza. Na sitakutuma. Ile jibu iko yako."

Yangu! Sikuwahi kuogopa neno kama hilo.

Nimejifunza. Naapa mbele ya Mungu na mbele ya kabichi hizi: hakuna mpango tena, maisha yangu yote.

Jumapili, 18 Agosti

Siku ya mwisho. Baada ya misa nilikaa na simu. Vitufe viwili, kukubali na kukataa. Nilisali. Nilifagia uwanja. Nilisali tena. Kidole hakishuki.

Ndipo likanijia wazo. Si mpango! Wazo tu.

Papa alikuwa barazani na chai yake. Nilimwambia vidole vyangu vimelowa sabuni, simu haikubali, anisaidie kubonyeza. Akauliza abonyeze wapi. Nikasema popote, Papa, Mungu aongoze mkono. Alitafuta miwani yake mfukoni. Haikuwapo, maana nilikuwa nimeiweka ndani. Sikuiweka kwa nia yoyote.

Aliisogeza simu mbali, akaileta karibu. Halafu akauliza: "Ndiyo iko wapi?"

Nilimwonesha. Kidole kilikwenda chenyewe, upesi, kabla sijakizuia, na kilikuwa kikavu kabisa.

Papa alikitazama kidole kile muda mrefu. Akaweka chake palepale, akabonyeza, akanirudishia simu. Kisha akageukia ziwani, na mabega yake yakawa yanatikisika. Nilikaa chini kando ya kiti chake nikaegemeza kichwa kwenye goti lake. Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Nampenda mno huyu mzee, sijui nitafanyaje.

Basi imeamuliwa. Lakini iandikwe hapa wazi, isije ikaletwa kesi baadaye: aliyebonyeza ni Papa. Baridi ikiniua huko, Kituruki kikinishinda, maiti wakinitia kichefuchefu, aulizwe yeye. Mimi nilimwonesha mahali tu.