Sufuria Kubwa ya Jumuiya

Jumatatu, 7 Julai 2025
Dorine kapiga simu kutoka Dar. Mwanangu wa kumzaa mwenyewe anatunga utaratibu wa ndani ya kerneli, yaani moyo wa kompyuta. Kila kifaa kina dreva wake, programu ya kukiendesha. Zamani dreva alijichagulia waya na umeme mwenyewe, wakagombana. Sasa dreva anataja kazi yake tu, kerneli inamchagulia kinachomfaa.

Nikawaza. Mtunza vyombo vya jumuiya yetu ya kanisa hapa Mfaranyaki, Songea, ni mimi. Jirani yangu Benigna huingia stoo kwangu na kujibebea sufuria kubwa, hata kwa makande ya watu wanne. Na Jumamosi Dorine anakuja. Sufuria hiyo lazima iwe uani kwangu, inafuka moshi, ionekane toka barabarani. Asiyejua kompyuta anajua sufuria.

Kuanzia sasa hakuna kutaja chombo. Taja kazi. Kerneli ni mimi.

Jumatano, 9 Julai
Jumuiya imepitisha. Mwenyekiti wetu, Mzee Mathias, kasifu sana. Nikawaambia utaratibu ni wa binti yangu, Wazungu wanausubiri. Benigna akauliza kama Wazungu nao hawana sufuria. Nikamjibu: Nina mtoto Dar.

Jioni Lidwina, mwanajumuiya mwenzetu, akaja, ana togwa ya kupika. Nikampa sufuria ile inayovuja. Akasema inavuja. Nikamwambia ndiyo iliyochaguliwa.

Ijumaa, 11 Julai
Benigna kaja mpole, nikajua kuna jambo. Akasema, mwenzangu, mimi sitaji sufuria, nataja kazi: wali wa kipaimara cha mwanangu Polikarp, kesho, watu themanini. Nikamwambia mbili ndogo zitatosha. Akaniuliza kwa upole binti yangu angechagua ipi. Nyuma yake amesimama Mzee Mathias.

Mzee akauliza na mimi kesho nina kazi gani. Nikasema wali. Wa wangapi? Mimi na Dorine. Na majirani, nikaongeza. Akasema majirani wote wanakwenda kwa Benigna.

Sufuria imeondoka. Nimeshika upande mmoja mwenyewe, kuibeba hadi kwake.

Jumamosi, 12 Julai
Dorine kafika. Uani hakuna mtu, hata mbuzi. Nimepika wali kwenye kisufuria cha chai. Nikamsimulia yote. Kacheka hadi kakaa chini. Akasema, mama, kwenye kerneli anayegawa haruhusiwi kujipendelea. Nikamwambia hilo ni kosa la utaratibu wake, alirekebishe kabla Wazungu hawajaliona.

Akanivuta tukaenda kwa Benigna. Benigna kamkalisha meza ya mbele na kumtangaza: mtoto wetu anayefundisha kompyuta kuomba kwa adabu. Watu wakapiga vigelegele. Changu kilisikika hadi milima ya Matogoro. Wali ulikuwa mzuri, chumvi kidogo imezidi. Nilimweleza kila aliyekaa karibu yangu kwamba sufuria nimeitoa mimi.

Jumapili, 13 Julai
Baada ya misa Mzee Mathias kauliza nani atatunza turubai jipya la jumuiya. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Dorine kaninong'oneza kwamba Septemba analeta mchumba nyumbani. Nimeshapanga. Atakayetaka turubai aeleze kwanza ni mvua gani anayoikinga. Septemba Songea hainyeshi, kwa hiyo Benigna hatalipata. Hatalipata mtu yeyote, litakuwa limefungwa uani kwangu.