Chafya Kumi na Saba kwa Baba Mkwe

Amuri hakuwa na nyumba, hakuwa na shamba Mwandiga, wala mjomba bandarini. Na tangu Jumapili hana hata mchumba. Alipiga chafya kumi na saba sebuleni kwa baba yake Shadia, mzee akashuku ana kifua kikuu, posa ikasimama.

Habari hiyo ndiyo tuliyoinywea kahawa ya Marcelina, hapa Ujiji.

"Kumi na saba!" alisema Bonifasi, muuza mawese, jina la kijiweni Tanki. "Mizimu ya kwao imekukataa. Tia mawese puani, matone mawili tu."

"Wewe hata tairi likipasuka unatia mawese," alijibu Castory. Anaendesha bajaji, lakini tunamwita Daktari kwa sababu aliwahi kufagia zahanati.

"Nimepima makohozi, niko safi," alisema Amuri. "Nesi kasema ni mzio wa pua. Hauambukizi."

"Mzio wa nini?"

"Paka. Kiti cha mgeni ndicho anacholalia."

Marcelina alicheka mpaka akamwaga kahawa.

Niliwaeleza kwamba pua ya namna hiyo ni kama mgambo mwenye kiherehere. Vichembe vya paka havina kosa, yeye anavipigia filimbi: kamasi, chafya, macho kuwasha.

"Haya Mzee Erasto, dawa je?" aliuliza Tanki.

"Nilipewa ya kupuliza puani," Amuri alidakia.

"Ukapuliza lini?" Daktari alimkazia macho.

"Pale mlangoni kwao."

"Mlangoni!" Daktari alijipiga paja. "Ile ni kila siku, wiki mbili ndiyo inakolea! Na paka unamkwepa."

"Namkwepaje? Mzee anampenda kuliko Shadia. Nikimtaja, nimekosa mke."

"Sema zilikuwa chafya za furaha," alishauri Tanki.

"Kumi na saba?" Marcelina alimgeukia Amuri. "Mwanangu, ukidanganya leo, utaoa, na huyo paka utalala naye."

Amuri aliweka kikombe chini. Kisha akaniambia, "Mzee Erasto, niandikie barua kwa baba yake. Ukweli wote."

Nikaandika: hana kifua kikuu, majibu ya zahanati yamo humu, anaomba apokewe tena baada ya wiki mbili, barazani kwenye upepo. Mstari wa mwisho alinitajia mwenyewe: "Namwomba Shadia peke yake. Paka, baba, sithubutu kukunyang'anya."

"Kijana ana akili," alinong'ona Tanki.

Amuri akalamba bahasha, akaibana kwa viganja viwili, akampa Daktari. Bajaji ikaondoka nayo.