Aliyeuza Vidonge vya Kweli

Profesa hakuwa profesa wa kitu chochote. Jina hilo alipewa na wauza mitumba, siku alipowauzia darubini isiyo na kioo na kuwaeleza kwa nusu saa nzima kwa nini ni bora isiwe nacho. Walipozinduka alikuwa mtaa wa tatu, anakunywa soda.

Siku ninayoizungumzia alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, jengo la utafiti la hospitali ya chuo kikuu. Asidanganywe mtu kwamba alikwenda kutibiwa. Alifuata feni na maji baridi ya bure, na alikuwa kwenye glasi ya nne.

Mbele yake Sista, muuguzi wa utafiti, alikuwa anawaelezea watu ishirini hivi, wote wagonjwa wa kisukari ambacho kilishaanza kugusa figo. Kila mmoja ataendelea na dawa zake kama kawaida, alisema, na juu yake ataongezewa kidonge kimoja kwa siku. Nusu yao watapata dawa mpya inayojaribiwa. Nusu watapata kidonge kinachofanana nayo kwa rangi, kwa ukubwa, mpaka kwa uchungu wake, ila ndani hakina dawa. Nani anapata kipi, kompyuta ndiyo inayochagua. Yeye Sista hajui, daktari hajui, na mpaka utafiti uishe hakuna atakayejua.

Mzee mmoja mwenye kofia akauliza kama hawezi kuongea na hiyo kompyuta pembeni.

Profesa akaweka glasi chini. Wewe na mimi tukisikia kuna jambo hakuna anayelijua, tunakata tamaa na kwenda zetu. Yeye alisikia mali isiyo na mwenyewe. Kama hakuna anayejua, basi hakuna wa kumbishia atakayesema anajua.

Kesho yake alirudi na koti jeupe la mitumba. Kifuani lilikuwa limeshonwa jina la bucha kwa uzi mwekundu, akaliziba kwa kalamu nne. Akamtafuta yule mzee mwenye kofia, aliyekuwa ameshapewa chupa yake ya vidonge. Mzee huyu alikuwa na nyumba kumi na moja za kupangisha nyuma ya soko, na tangu azaliwe hajawahi kununua kitu kilichopangwa juu ya meza bila kuuliza cha chini ya meza kikoje.

"Mzee, mimi sijakuambia kitu," Profesa alimnong'oneza.

"Hujaniambia," mzee akakubali. Na kweli, alikuwa bado hajaambiwa.

"Namba ya chupa yako nimeiona. Ni ya unga, haina dawa."

"Nilijua. Tangu nimeishika nilijua, ni nyepesi."

Profesa akaangalia huku na huku, akasema inaweza kubadilishwa, ila wenye ruhusa ya kuingia chumba cha dawa ni wawili tu, na mwenzake yuko likizo. Mwisho wa korido palikuwa na mlango umeandikwa Wafanyakazi Tu. Ilikuwa stoo ya mafagio, na mfanya usafi hakuwahi kuifunga. Profesa aliingia na chupa ya mzee, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akahesabu mpaka mia moja, akatoka na chupa ileile yenye vidonge vilevile.

Hapa lazima tumpe haki yake. Katika biashara ile yote hakugusa kidonge cha mtu hata kimoja. Si kwa wema. Kubadilisha vidonge kwelikweli ni kazi, na kazi alikuwa haipendi.

Mzee akamlipa kwa chumba, chenye mlango wake peke yake, bila kodi. Siku ya nne alionekana anapanda ngazi bila kushika ukuta, anawaambia watu damu yake imeanza kutembea. Baada ya hapo Profesa hakutafuta wateja tena. Walimfuata wenyewe, mwalimu mstaafu na redio yake, dereva wa lori na godoro jipya, mama wa duka la vyombo na sufuria zilizopangwa kuanzia kubwa mpaka ndogo. Wote walimwomba asimwambie mwingine, dawa za kweli zisije zikaisha. Watu wazima wenye akili zao, kila mmoja akitamani kidonge cha unga akimeze jirani.

Halafu akaja fundi cherehani.

Huyu alikuwa mjane aliyeshona sare za shule barazani kwake, anaishi na mama mkwe asiyetoka kitandani. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu alivikata nyuma. Alimwambia Profesa waziwazi kwamba hana redio wala sufuria za kutoa. Alichonacho ni cherehani.

Profesa akaangalia dari. Alikuwa na msimamo wake, kwamba mtu hanyang'anywi chombo cha kazi. Msimamo huo ulidumu mpaka alipouliza kama ni ya mkono au ya miguu.

"Ya miguu," fundi akasema. "Inaniuma kuitoa, daktari. Lakini nikiondoka mimi, huyo mama mkwe wangu atageuzwa na nani kitandani? Nibadilishie."

Alibadilishiwa, kwa namna tunayoijua. Kuanzia siku hiyo akawa anashona sare kwa mkono, sindano na uzi, na oda zikaanza kumkimbia moja moja. Mwenzetu aliiweka cherehani chumbani kwake akaifanya meza ya chai.

Mambo yangeendelea hivyo kama si mlinzi mpya. Walinzi wapya wana tabia mbaya ya kufanya kazi waliyoajiriwa. Alimsimamisha Profesa mlangoni, akamuuliza yeye ni mfanyakazi au mgonjwa. Kitambulisho cha kazi hakuwa nacho, kwa hiyo akajibu kwamba ni mgonjwa, amekuja kujiandikisha kwenye utafiti. Mlinzi akampeleka mpaka mezani kwa Sista, akasimama hapo kuhakikisha. Wakamtoa damu, wakampa kikopo cha mkojo. Profesa alivitoa vyote kwa moyo mkunjufu, akijisifu kwa jinsi alivyoponyoka.

Siku mbili baadaye Sista akamwita ndani na kufunga mlango.

"Kaa, kaka yangu. Sukari yako iko juu sana. Na kwenye mkojo kuna protini, maana yake figo zimeanza kuumia. Huwa unasikia kiu?"

Profesa akamtazama kwa heshima mpya. Kumbe huyu mama naye yumo! Na anaifanya vizuri, sauti ya chini, mlango umefungwa, hofu kwanza na bei baadaye, kama yeye mwenyewe anavyofanya. Akakunja mikono kusubiri bei.

Sista akamwandikia dawa za kisukari, akamwambia dirisha la kuzichukulia. Akamwelezea utafiti taratibu kama alivyowaelezea wale wengine. Akasema akitaka anaweza kujiunga, asipotaka atatibiwa vilevile, na hata akijiunga anaweza kujitoa siku yoyote bila mtu kumnunia.

"Na mimi natoa nini?" Profesa akauliza.

"Hutoi kitu. Nauli tutakurudishia sisi."

Hapo ndipo alipoogopa. Miaka ishirini kwenye fani ile hajawahi kukutana na utapeli unaomrudishia mtu nauli. Basi ilikuwa kweli. Alikuwa mgonjwa, na hakutaka kufa, na mikono ilikuwa baridi mpaka akaikalia. Akasaini fomu bila hata kuuliza maana ya maneno.

Akapewa chupa yake. Na kuanzia hapo raha ikamwisha. Aliishika, akaiona nyepesi. Akaitikisa, ikalia vibaya. Alimfuata Sista mara tatu kwa siku moja, na Sista akamjibu lilelile, kwamba hajui. Profesa akaona jambo la ajabu sana, mtu mzima mwenye miwani anasema hajui na inaishia hapo.

Akaenda kwa mzee mwenye nyumba kuomba wabadilishane. Mzee siku hizi aliifunga chupa kwenye kitambaa na kuivaa kifuani chini ya shati. Akakataa kata kata. Profesa alipoona hakuna njia, akafanya jambo ambalo hakuwa na uzoefu nalo, akasema ukweli.

"Mzee, mimi sikukubadilishia chochote. Nilikuwa naingia mle ndani nakaa na mafagio, nahesabu mia, natoka."

Mzee akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akasema ameshamjua, ameona mwenzake amepata nguvu sasa anataka kumtia wasiwasi amwibie dawa. Akampa mpaka jioni ahame, kwa sababu mtu mwenye tamaa namna hiyo si wa kulala naye ua mmoja.

Alibaki fundi cherehani. Profesa alikuwa amemwona kliniki wiki ile, miguu imepungua, uso umejaa, amevaa viatu vizima. Kama kulikuwa na kidonge cha kweli katika mji ule, ni kile. Akamkuta barazani na sindano mkononi, sketi ya shule magotini, vidole vimetoboka toboka.

"Dada yangu, nimekuja kukuomba vidonge vyako."

"Si wewe ndiye uliyevitoa? Nenda kachukue vingine hukohuko."

Ilimbidi aseme ukweli mara ya pili kwa siku moja, na safari hii aliaminiwa. Fundi aliacha kushona. Hasira ilimpanda, akaichomeka sindano kwenye sketi.

"Miezi miwili," akasema. "Miezi miwili natoboa vidole, oda zinaondoka, mama mkwe anakula uji mtupu, kwa sababu ya stoo ya mafagio."

"Ndiyo, dada. Nisamehe. Naumwa kweli. Naogopa."

"Na mimi nilikuwa naogopa," fundi akasema. "Lete cherehani yangu. Na vya watu wote ulivyochukua, vilete hapa nivirudishe mwenyewe, maana wewe utapotea njiani. Ukimaliza tutaongea habari za vidonge."

Alivileta. Cherehani aliibeba kichwani kutoka nyuma ya soko, juani, koti jeupe limemganda mgongoni. Akarudia godoro, akarudia redio, akarudia sufuria kuanzia kubwa mpaka ndogo. Jua lilikuwa bado halijazama alipokaa kwenye ngazi za baraza, hana chumba wala kitu, akamkabidhi fundi chupa yake kwa mikono miwili ili abadilishiwe.

Fundi akaingia nayo ndani, akashusha pazia. Mama mkwe alimtazama kutoka kitandani. Fundi akaweka chupa mbili mezani, yake na ya Profesa, akazitazama. Hakujua yake ina nini. Huenda miguu ilipungua kwa dawa mpya, huenda ni zile za zamani alizokuwa anazimeza kwa wakati tangu Sista aanze kumfuatilia. Alijua kitu kimoja tu, kwamba alichopangiwa ni chake na hampi mtu. Akaitikisa ya Profesa kwa nguvu ili huko nje asikie, akasubiri kidogo, akamrudishia ileile.

Profesa akameza kidonge kimoja hapohapo bila maji. Akafumba macho. Akasema anakisikia kinashuka, na kwamba tofauti ni kubwa.

Kila mwezi akawa anarudi siku ya kupewa chupa mpya ili abadilishiwe tena, na kila mwezi fundi alimtoza bei yake. Bei ilikuwa kubeba sare zilizokamilika na kuzipeleka shuleni kwa miguu, shule nne, moja juu ya kilima. Soda aliacha, kwa sababu fundi alisema inakorofishana na dawa ya kweli. Dawa za Sista alizimeza kwa saa. Mwezi wa tano Sista alisoma vipimo vyake mara mbili, akampongeza, akaandika.

"Na siku akijua?" mama mkwe akauliza asubuhi moja, akiwa ameegemezwa kwenye mito.

"Utafiti ukiisha atajua. Sista anasema kila mtu ataitwa na kuambiwa alikuwa anameza nini. Bado mwaka na nusu."

"Ikitokea zilikuwa za kweli?"

"Atakuwa amepata nafuu kwa dawa yake mwenyewe, na kunishukuru mimi bure."

"Na zikiwa unga?"

Fundi akakata uzi kwa meno. "Basi nafuu ameipata kilimani, na sare za watu zimefika."

Hodi ikapigwa. Alikuwa Profesa, amewahi kuliko siku zote, chupa mkononi, na alikuwa na ombi. Alitaka kujua kama leo hakuna mzigo mzito zaidi, kwa sababu mwezi uliopita alibebeshwa mwepesi, na dawa hakuisikia vizuri.